Kilima Kisichopigwa Msasa

Mjukuu wangu alirudi kutoka Nairobi na mlango mdogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Aliutoa ndani ya kiberiti, akauweka kwenye kiganja changu, akaniambia nisipumue kwa nguvu. Mlango ulikuwa na kila kitu: fremu, mbao zilizosimama wima, hata tundu la ufunguo. Anasomea kuchora majumba, na karakana aliyopelekwa kujifunza kazi ina mashine inayokata ubao kwa mwanga. Inaitwa leza. Hakuna msumeno, hakuna kisu. Mwanga unashuka, ubao unaungua kwa mstari mwembamba, kipande kinaanguka kikiwa tayari. Wanakata miti midogo, ua, ngazi, madirisha, vyote vya kupamba mfano wa nyumba kabla nyumba yenyewe haijajengwa, ili tajiri aone anajengewa nini.

"Susu," akasema, ndivyo bibi anavyoitwa kwetu, "hii mkono wa mtu hauwezi."

Niliupeleka mlango puani. Ulinuka ubao ulioungua, na ukingo wake ulikuwa mweusi kidogo kama mdomo wa mtoto aliyekula zambarau.

"Babu yako alikata hivi kwa spoki ya baiskeli," nikamwambia.

Akacheka.

Najivunia msichana huyu, sifichi. Mimi mwenyewe shule nilionjeshwa tu, nikatolewa nikachunge mbuzi wa baba, na herufi ninazoandika hapa nilizipata ukubwani, kanisani, nikifuata mstari wa Biblia kwa kidole. Yeye anachora majumba ya ghorofa. Lakini sipendi mtu acheke spoki ile. Ilimla mume wangu mapafu. Na kilima tulichokitengeneza kwa spoki hiyo ndicho kilichoamua mume wangu alale wapi, na mpaka leo hakijamaliza kuamua.

Mume wangu alikuwa mchongaji. Alifunzwa na mjomba wake upande wa Wamunyu, ambako kila boma lilikuwa na mtu anayechonga twiga, na aliporudi kwa baba yake, huku kwetu Kathonzweni, alirudi na tezo, patasi na kikohozi. Kazi ile ilikuwa na sheria yake. Mwanamume anachonga, mwanamke anapiga msasa. Hakuna mwanamke aliyeshika tezo, na hakuna mwanamume aliyekaa kupiga msasa mahali pa kuonekana. Swala alitoka mikononi mwa mume wangu akiwa na makovu ya patasi mwili mzima. Alitoka mikononi mwangu akiwa na ngozi. Nilipiga msasa miaka mingi hata siku ya kuchukua kitambulisho karani alinikandamiza kidole kwenye karatasi, akakitazama, akakandamiza tena, akaona doa jeusi tu. "Mama, vidole vyako umeviacha wapi?" aliniuliza. Nilimwambia viko Mombasa, kwenye vibanda vya watalii.

Miaka ya sabini ikielekea kuisha, alikuja bwana mmoja wa mambo ya maji. Alikuwa mtu mpole, kijana bado, viatu vyake vimejaa vumbi letu. Alitandaza karatasi mezani. Ilikuwa na mistari iliyozungukana, mmoja ndani ya mwingine, kama kisiki kilichokatwa jana.

"Hili ni bonde lenu," akasema.

Mume wangu aliinama, akafuata mistari kwa kucha. Alikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Halafu akasema, "Kila mstari ni mahali maji yangesimama yakipanda."

"Ndiyo hivyo."

Walitaka kujenga bwawa pale mto unapobanwa na miamba. Lakini watu walitakiwa wakubali wenyewe, kwa sababu wangetoa ardhi na kujitolea kubeba mawe. "Watu wengi hapa hawasomi ramani," bwana wa maji alisema. "Wakiliona bonde lao kwa macho, dogo, na maji ndani, watakubali." Alitaka bonde zima la kuwekwa juu ya meza, na vitu vyote vilivyomo.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Tulinunua masanduku ya majani chai kwenye soko la mji wa Wote, yale ya mbao nyembamba, tukayabomoa. Mume wangu alibandika karatasi, akakata kila mstari kwa msumeno mwembamba kama uzi, akapanga vipande kimoja juu ya kingine, kikubwa chini, kidogo juu. Kilima chetu kikaota mezani kikiwa na ngazi kuanzia mtoni mpaka kileleni. Ngazi hizo hazikuwa za kubaki. Mwisho wa kazi zingejazwa vumbi la mbao na gundi, kisha mimi nizipige msasa mpaka mteremko uwe laini kama mgongo wa ng'ombe. Hiyo ilikuwa sehemu yangu, na niliingoja.

Vitu vidogo ndivyo vilivyotuchukua miezi. Mume wangu aliweka punje ya mtama mezani akasema, "Huyu ni ng'ombe. Kila kitu kimfuate yeye. Ukitaka kutengeneza nyumba, kwanza simama kando ya huyu ng'ombe utazame." Nilicheka, lakini nilisimama. Mabati ya paa tuliyatoa kwenye tyubu za bati za dawa ya meno. Ukikata tyubu ukainyoosha, ukaikandamiza juu ya meno ya kitana, unapata bati lenye mikunjo yake. Miti tuliifanya kwa nyuzi za katani zilizofungwa na kuchovywa kwenye gundi, kisha zikanyunyiziwa majani makavu yaliyosagwa. Mchanga wa mto ulikuwa mchanga wenyewe wa mto, tuliuchekecha kwa kitambaa.

Madirisha, milango na ua wa boma alivikata kwa moto. Alichukua spoki za baiskeli, akazigonga ncha zikawa bapa kama ulimi wa kinyonga, akaziweka kwenye jiko la makaa. Moja ikiwa kazini, nyingine iko motoni. Ukiigusisha kwenye ubao mwembamba inaingia yenyewe, na kunakuwa na uzi wa moshi. Lakini kitu kikiwa kidogo hivyo lazima jicho lisogee, na jicho likisogea pua na mdomo vimekuja pamoja nalo. Ule moshi wote aliunywa yeye.

Mikono yake ilipoanza kutetemeka alinipa spoki.

"Usimwambie mtu," akasema.

"Nimwambie nani, mbuzi?"

Nilikata milango. Nilikata makanisa mawili, duka, na ua wa kila jirani, kwa sababu nilijua nani ana boma la miiba na nani ana la fito. Mume wangu alikuwa anakaa kwenye ukuta na blanketi mabegani, ananielekeza. Hospitali ya Machakos walikuwa wamempiga picha ya kifua, wakampa sindano za kila siku, na sindano hazikusaidia kitu ila makalio kuwa magumu.

Halafu ikafika siku ya kioo.

Maji ya bwawa yalikuwa kipande cha kioo kilichopakwa rangi ya samawati upande wa chini. Bwana wa maji alikuwa ametia alama mstari ambao maji yangefika. Mume wangu alikishika kioo kwa mikono miwili, akakiteremsha polepole ndani ya bonde. Hakikukaa. Kiliinuka upande mmoja. Aliinama kutazama ni nini kinachozuia. Kilikuwa kimegonga paa la nyumba yetu.

Aliing'oa nyumba yetu kwa kisu, akaiweka kando juu ya meza, akakiteremsha kioo tena. Kikakaa. Chini yake ilikuwa shamba letu, na chini zaidi, karibu na mchanga wa mto, mahali baba yake amezikwa, na babu yake, na watoto wetu wawili waliokufa kwa surua.

"Nyumba inahama," nilimwambia. "Watatuonyesha mahali pengine."

"Nyumba inahama. Baba hahami." Alikohoa, akafuta mdomo kwa nguo, akaitazama. "Mimi nitazikwa huko pia, mama watoto. Mwaka huu au mwaka kesho. Halafu watanimwagia maji juu."

"Usiongee hivyo."

"Mimi nimekata huo mstari mwenyewe. Naujua." Alichukua spoki kwenye jiko, akaangalia juu ya kilima cha mbao, juu kabisa ya kioo, ngazi nyingi juu yake, akaigusisha. Kulitoka moshi kidogo, pakabaki kitone cheusi. "Hapa. Uniweke hapa. Pakavu."

Tangu siku hiyo sikuwa na kazi nyingine duniani.

Kaka yake mkubwa ndiye aliyekuwa kichwa cha nyumba ile. Mume wangu alimwita, akamwonyesha kioo, akamwonyesha kitone. Shemeji alikuwa mtu mnene, mwenye ng'ombe na sauti. Alizunguka meza mara moja akiwa na fimbo nyuma ya mgongo.

"Kwa hivyo mimi nikuzike juu kule kwa sababu ya sanduku la chai?"

"Ni kipimo, kaka."

"Baba yako analala chini. Babu yako analala chini. Juu kule wanalala nyani. Unataka kuzikwa na wanaume au na nyani?"

"Nataka kuzikwa mahali pakavu."

"Serikali imekuja hapa mara ngapi na maneno?" shemeji akaniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeileta. "Shemeji, mtu akiwa mgonjwa msikilize, lakini usimfuate."

Nilimfuata. Mume wangu alikufa mwezi wa nane, nchi ikiwa kavu kama mfupa, na kabla mwili haujapoa nilimwambia shemeji kwamba kaburi ni juu. Hakunipigia kelele, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Sawa," akasema. "Chimba wewe."

Vijana wa ukoo walikataa kushika jembe, na wanaume wa kanisa walimwogopa. Mchungaji alisema Mungu anamjua mtu wake popote alipolala, halafu akaangalia pembeni. Kwa hivyo walikuja wanawake. Tulikuwa na kikundi chetu, mwethya, cha kulimiana kwa zamu, na wale wanawake walipanda kilima na majembe yao na mitungi ya maji kichwani. Mwanamke kuchimba kaburi, hiyo haikuwa imeonekana kwetu. Udongo uliisha magotini tukakuta mwamba. Tuliwasha moto juu ya mwamba, tukaulisha kuni mpaka ukawa mwekundu, tukaumwagia maji, ukapasuka, tukatoa vipande. Moto tena, maji tena. Maji yenyewe yalikuwa yametoka mbali, na wanawake walikuwa wanayamwaga juu ya jiwe kwa ajili ya mume wa mtu. Sijasahau hata mmoja wao. Tulimlaza hapo, pakavu, peke yake. Shemeji alisimama chini mtoni, akitazama juu na fimbo nyuma ya mgongo.

Alinilipa kwa njia yake. Kwa ukoo ule, vyombo vya mwanamume aliyekufa havishikwi na mjane mpaka wazee wakae na kuvigawa. Wazee wanaitwa na kaka mkubwa. Na kaka mkubwa hakuwaita. Alikuja akafunga kibanda cha kazi kwa mnyororo. Ndani kulikuwa na tezo, patasi, spoki, msasa wangu, na kilima juu ya meza kikiwa na ngazi zake zote, bado hakijajazwa, bado hakijapigwa msasa.

"Msasa ni wangu," nilimwambia. "Msasa ni kazi ya mwanamke."

"Uko kwenye kibanda chake."

Siku ya baraza, ya kuwaonyesha watu bonde lao, ikafika. Bwana wa maji alikuja na gari, shemeji akafungua mnyororo kwa sababu alimwogopa naibu wa chifu, na kilima kikatolewa nje. Bwana wa maji alinipa pole, macho yake yalikuwa na machozi kweli. Nilimwambia kazi haijaisha, ingali na ngazi zake kama magamba. Alisema imependeza hivyo hivyo. Mimi sikubishana. Niliona ni ubaya tu wa kazi, kama kumtoa bibi arusi na nywele hazijasukwa. Hakuna kati yetu aliyefikiri zaidi ya hapo.

Watu walijaa. Mwanzoni walifurahi, walisukumana kama watoto. "Ona kanisa!" "Ona boma la huyu, hata mlango umeinama vilevile!" Mama mmoja alitafuta nyumba yake akaipata, akaifunika kwa kidole akacheka mpaka akakaa chini. Nilisimama nyuma, kitambaa cha msiba kichwani, na nikasema moyoni, angekuwepo.

Halafu mzee mmoja mwenye jicho bovu alipitisha kidole kwenye mteremko. Tak, tak, tak, kidole kilishuka ngazi.

"Hizi ni nini?"

"Huo ni urefu, mzee," bwana wa maji akajibu. "Kila ngazi inaonyesha urefu wa kilima."

"Kilima chetu hakina ngazi."

"Ni kwa kupima tu."

"Walipima hivyo hivyo," mzee akasema, na sauti yake ikabadilika. "Wakati wa mkoloni walikuja na kamba wakapima, wakatwambia ni kwa kupima tu."

Kila mtu mzima pale alielewa papo hapo, isipokuwa bwana wa maji. Wakati wa mkoloni watu walilazimishwa kuchimba mitaro kukata kilima, ngazi baada ya ngazi, wanawake na watoto mgongoni, na askari wa chifu amesimama na kiboko. Uhuru ulipokuja, jambo la kwanza watu wengi walilofanya lilikuwa kuiacha mitaro ile izibike. Na sasa serikali imeleta kilima chetu mezani, na kilima kina mitaro kutoka mtoni mpaka kileleni, mingi kuliko hata ile ya mkoloni.

Shemeji alisimama. "Baba yangu alichapwa kwa mtaro mmoja," akasema. "Mmoja! Hesabuni hiyo. Maji ni chambo. Mkisema ndiyo kwa maji, kesho mnaamshwa na filimbi."

"Hatuchimbi!" mtu akapiga kelele.

"Hatuchimbi!"

Bwana wa maji aliinua mikono, akaeleza, akaeleza tena, na kila alivyoeleza alionekana kama mtu anayeficha kitu. Mimi nikasukuma watu nikaja mbele. "Hiyo si mitaro!" nikasema. "Ni mbao. Ni kazi isiyopigwa msasa. Nipeni siku chache na msasa wangu, niwaonyeshe."

"Keti," sauti ikatoka katikati ya wanaume. "Wewe uliyezika mume na nyani."

Watu walicheka. Na kicheko kile ndicho kilichomaliza baraza. Bwawa lilipelekwa bonde lingine, na kilima chetu kikabaki kwenye ofisi ya naibu wa chifu, faili zikiwekwa juu yake, mpaka mchwa wakapanda mguu wa meza wakakila kuanzia chini.

Kwa hivyo mume wangu alikuwa amelala juu, akikimbia maji ambayo hayakuja. Shemeji hakuacha kunikumbusha. Tukikutana njiani alikuwa anauliza, "Bahari imefika wapi leo?" Nilikuwa nimeahidi pakavu, na palikuwa pakavu.

Palikuwa pakavu kila mahali, kwani ikaja ile njaa tuliyoiita ya kufa na pesa mkononi, kwa sababu hata mwenye pesa hakupata cha kununua. Mto ulichimbwa mpaka mtu anayechota chini hakuonekana, kikombe kikipandishwa kwa kamba na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Ng'ombe wa shemeji walikufa wakiwa wamesimama, wameegemea ua. Yeye mwenyewe alikonda mpaka ngozi ya tumbo ikaning'inia kama mfuko mtupu. Mtoto wangu wa mwisho alianza kula udongo wa ukutani. Kama lile bwawa lingekuwepo. Sisemi zaidi.

Kisha lori likaleta mahindi ya njano, na masharti. Anayetaka mahindi achimbe. Achimbe nini? Mitaro. Kilima kizima, kutoka mtoni mpaka kileleni, udongo ukitupwa upande wa juu. Hakuna aliyesema hatuchimbi. Yule mzee wa jicho bovu alikuja na jembe lake, wa kwanza kabisa. Tulichimba kwa mafungu, kila fungu na kipande chake, na kipande kikiisha mnapimiwa mahindi. Siku moja niliinua mgongo nikatazama kilima kutoka ng'ambo ya mto nikiwa nimetumwa maji, na nikaketi chini. Kilikuwa ni kile kile cha mezani. Ngazi kwa ngazi. Hata ule mpindo wa upande wa kanisa, ambapo msumeno wa mume wangu uliteleza kidogo, ulikuwepo.

Mtaro wa juu ulituangukia sisi, fungu moja na shemeji. Mtu wa kilimo aliyesimamia kazi alivuta kamba yake yenye kipimo cha maji katikati, akapiga vigingi. Kigingi kimoja kilisimama upande huu wa kaburi, kingine upande ule. Kamba ilipita juu ya kifua cha mume wangu.

Shemeji alikuwa ameshika ncha. Alitazama kamba, akatazama kaburi, na kwa mara ya kwanza tangu njaa ianze niliona uhai machoni pake.

"Basi ndugu yangu amekubali mwenyewe," akasema. "Tumtoe. Tumshushe kwa baba."

Nilipanda juu ya kaburi nikasimama na jembe langu.

"Shuka hapo."

"Gusa," nikamwambia. "Gusa hata jiwe moja."

"Mstari ni lazima unyooke, mama," mtu wa kilimo akasema. "Ukiupinda, maji yatajaa kwenye pindo na kupasua."

"Upindeni."

"Shemeji," shemeji akasema, na sauti yake ilikuwa imebaki mifupa kama yeye. "Miaka yote hii umemweka na nyani. Hakuna bwawa. Hakuna maji. Unamlinda na nini?"

"Na wewe."

Wanawake wa mwethya waliacha kuchimba. Walikuja mmoja mmoja wakasimama nyuma yangu. Chini, kwenye lori, watu wa mafungu mengine walikuwa wameanza kujipanga na magunia. Shemeji aligeuka akawatazama. Halafu akakaa juu ya udongo mpya, ncha ya kamba bado mkononi.

"Pindeni," akasema. "Nina njaa."

Tukapinda. Mtaro ulizunguka kichwani mwa mume wangu kama mkono uliokunjwa, tukaumaliza, tukapimiwa mahindi, na shemeji alitafuna yake mabichi hapo hapo.

Mvua iliporudi, ilionekana mtu wa kilimo alisema kweli. Mitaro mingine yote ilishika. Ule wetu ulijaa ukatulia, halafu ukapasuka pale kwenye pindo, na maji yakashuka kilima kwa mkupuo mmoja. Mwaka wa kwanza yalichora mfereji wa kuvukwa na mtoto. Mwaka uliofuata mbuzi alitumbukia. Korongo lilikuwa linashuka moja kwa moja, bila kuuliza njia, kuelekea chini mtoni walikolala baba yake na babu yake na watoto wangu wawili. Na shemeji pia sasa, kwa sababu alikufa mimi nikiwa bado na nguvu za kwenda kuona anazikwa chini, kama alivyotaka.

Kaburi la mume wangu halijawahi kulowa ndani. Hao wengine ndio wanaofuatwa na maji. Kwa hivyo kila mvua ikipasua mtaro, napanda na jembe nikaujaza, mawe kwanza, kisha udongo, kisha nyasi, ili maji yasiwafikie. Watu husema mwanamke yule anamtunza mume wake. Waache waseme. Mume wangu yuko sawa. Ni shemeji ninayembebea mawe.

Mjukuu wangu alisikiliza haya yote na kiberiti chake mkononi. Likizo iliyofuata alikuja na sanduku. Alikuwa ametafuta ramani ya kilima chetu, akakikata kwa ile leza, tabaka kwa tabaka, na miti, na vijumba vyenye milango. Kazi nzuri, sina la kuikosoa. Nilipitisha kidole changu kisicho na alama juu ya ngazi ya juu. Ilikwenda moja kwa moja, imenyooka.

"Hapa umekosea," nikamwambia.

"Susu, mashine haikosei. Ramani iko hivyo."

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilitoa jembe langu nyuma ya mlango, nikampa la pili, tukapanda. Aliteleza njia nzima na vile viatu vyake vya Nairobi, akishika vichaka na kulalamika. Tulipofika juu, pindo lilikuwa limepasuka tena. Udongo mwekundu ulikuwa umefunguka hapo kando ya mawe ya kaburi la babu yake, na maji yalikuwa bado yanashuka, membamba, yakielekea chini.

Aliinama akatazama korongo linakoelekea, mpaka kwenye misalaba ya makaburi ya mtoni.

"Kila mwaka unajaza hapa?"

"Kila mvua."

"Na wewe ukishindwa?"

Nilianza kukusanya mawe. Nikasikia akikaa nyuma yangu, na kamba za vile viatu vya Nairobi zikifunguliwa.